Picha Sitini na Nne za Mama Mkwe

Wifi yangu Roelie alinitumia picha kumi na moja Jumanne asubuhi, nikiwa napaka siagi mkate wa shuleni wa binti yangu. Ya saba ilimwonyesha mama mkwe amelala usingizi juu ya kiti cha choo, mdomo wazi, bila meno, gauni la kulalia limepanda hadi mapajani. Kwenye gauni kulikuwa na doa. Chini ya picha Roelie alikuwa ameandika: "Ing'arishe kidogo, lakini doa usiliondoe."

Nikaweka kisu chini. Jitske akauliza kama mkate wake uko tayari, nikamwambia achukue ndizi.

Kazi yangu katika blogu ya Roelie ilikuwa hii. Yeye anaandika na kupiga picha. Mimi naziandaa na kuzipandisha kwenye tovuti. Picha ya simu ni nzito mno, msomaji ataondoka kabla haijafunguka. Kwa hiyo unaipunguza uzito, unaikata pembeni, unaipa jina la faili linaloeleweka, unaiweka kati ya aya ya pili na ya tatu, unatazama rasimu ilivyokaa, kisha unabonyeza "chapisha". Nina diploma ya chuo ya kazi za ofisi na tovuti, na asubuhi nne kwa wiki natunza tovuti ya duka la baiskeli. Picha kumi na moja ni kazi ya dakika arobaini. Roelie aliniomba kwa sababu najua, nami nikakubali kwa sababu ni wifi yangu.

Blogu yenyewe inaitwa "Mimi na Mama". Roelie anaishi na mama yao Trientje katika nyumba ya zamani kando ya mfereji, kijiji cha Westerhorn, huku kwetu Groningen. Macho ya mama yaliisha miaka sita iliyopita. Anachoona sasa ni mwanga na giza. Roelie anamwosha, anamvisha, anampikia, na kila Ijumaa anawaeleza watu elfu tisa jinsi anavyofanya. Mwanzoni zilikuwa picha za mikono miwili iliyoshikana. Wasomaji walituma mioyo mitatu minne. Kisha akaweka picha ya meno ya bandia ndani ya glasi, na mioyo ikaja mia mbili. Baada ya hapo ikawa shuka lililochafuka. Baada ya shuka, bafu. Kampuni moja ya nepi za watu wazima ikaanza kumletea maboksi mlangoni, na kila boksi lilitakiwa lionekane kwenye picha, jina likielekea mbele.

Nilikuwa nachefukwa, lakini nilipandisha. Nilimuuliza mara moja tu, mwanzoni, "Mama anajua?" Akanijibu, "Nimemwomba. Amesema sawa." Nikasema moyoni: basi, ni mwili wake.

Jumanne hiyo nilimpigia simu.

"Ya saba siiweki," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Roelie, mama yuko chooni."

"Kila mtu anakwenda chooni, Hilje. Wewe huendi?"

"Naenda nikiwa nimefunga mlango."

"Ndiyo maana watu wanatusoma sisi hawakusomi wewe." Akacheka. "Acha hizo bwana. Jumamosi mama anatimiza miaka themanini. Nataka waone uzee ulivyo kweli, bila maua na mishumaa. Hatuna cha kuficha nyumba hii."

"Wewe huna cha kuficha. Si wewe uliyekaa pale."

"Na si wewe unayempangusa!" Sauti ikapanda. "Wewe na Harm mnakuja Jumapili, mnakunywa kahawa vikombe viwili, mnaondoka. Mkifika kwenu mnaanza kuona kinyaa. Kinyaa ni rahisi ukiwa umbali wa kilomita thelathini, wifi."

Hapo alinipata, na alijua. Nikamwambia nitafikiria. Jioni nikamwonyesha Harm, mume wangu, ile picha ya saba. Aliitazama kwa nukta moja, akaigeuza simu kifudifudi mezani.

"Huyo ni mama yangu," akasema.

"Najua. Zungumza na dada yako."

"Usiniingize huko. Roelie ndiye anayebeba mzigo." Akaenda kutengeneza baiskeli ambayo haikuwa mbovu.

Jumatano mchana shule hufungwa mapema. Nilimpeleka Jitske kwenye mafunzo ya kuogelea, kisha nikaendesha gari hadi Westerhorn peke yangu. Roelie alikuwa mjini. Mama alikuwa jikoni akikata vitunguu vya majani kwa kisu, akivipapasa kwa vidole, haraka kuliko mimi ninayeona.

"Hilje," akasema kabla sijafungua mdomo. "Umevaa vile viatu vinavyolia."

"Ndiyo, mama."

"Kaa. Kahawa iko kwenye chupa. Hebu niambie, ule mkate wangu wa zabibu ulitoka vizuri?"

"Mkate gani, mama?"

"Wa wiki iliyopita. Roelie aliupiga picha kwa ajili ya kile kitu chenu. Alinisomea Ijumaa: mkate wa mama, na mikono ya mama ikikanda. Alisema watu mia nne wameupenda." Alitabasamu akiwa ameelekea dirishani. "Mia nne! Na mimi nilitia mdalasini kidogo tu."

Nilikaa. Wiki iliyopita sikupandisha mkate wowote. Nilipandisha goti la mama lenye kidonda, kwa karibu, na boksi la nepi nyuma yake.

"Mama, Roelie anakusomea zote?"

"Kila Ijumaa baada ya chakula. Ile ya supu ya haradali niliipenda. Na ya bustani."

Hapakuwa na supu. Hapakuwa na bustani. Nilikuwa nimepandisha picha hamsini na tatu kwa mikono yangu, na hakuna hata moja yenye mkate, supu wala bustani.

Mimi si mtu wa kuzunguka. Nilimwambia. Nilimwambia kwamba hakuna mkate, kwamba ni yeye, kitandani, bafuni, mdomo wazi. Nilitaja meno. Nilitaja shuka.

Kisu kilisimama.

"Hukumpenda Roelie tangu siku ya kwanza," akasema polepole.

"Kweli, sikumpenda sana. Lakini hili si la kumpenda."

"Binti yangu ananiosha kila siku kama mtoto. Halafu wewe unakuja na viatu vyako, unaniambia ananiuza uchi?"

"Usiniamini mimi, mama. Simu inaweza kukusomea. Kila picha ina maelezo yake."

"Nenda kamchukue mtoto," akasema. "Atapata baridi na nywele mbichi."

Nikaenda. Njiani nilikumbuka kitu kilichonichoma. Maelezo ya picha ni kisanduku kidogo ambacho anayeona hakioni; kipo kwa ajili ya wasioona, simu iwasomee kilichomo kwenye picha. Roelie alisisitiza kijazwe kila mara, kwa sababu ukurasa uliojazwa vizuri hupanda juu watu wanapotafuta. Nami nilikuwa nimekijaza. Mara hamsini na tatu nilikuwa nimeandika maneno mawili yale yale: "Mama nyumbani."

Alhamisi sikwenda kwenye duka la baiskeli. Nilikaa mezani tangu saa mbili na nusu asubuhi, nikafungua picha moja moja, nikaandika kinachoonekana. Chuoni tulifundishwa: usipambe, usieleze hisia, sema kilichopo. "Mwanamke mzee amekaa uchi kwenye kigoda bafuni, mgongo kwa kamera. Mguu mmoja wa kigoda umefungwa utepe wa bluu. Anashika chuma cha ukutani." Ukiipunguza picha uzito huitazami, unatazama namba. Ukitakiwa kuieleza unaitazama. Kufikia ya ishirini nilisimama, nikafungua dirisha. Kufikia ya arobaini niliosha mikono, na sikuwa nimeshika kitu chochote isipokuwa kibodi.

Makala ya birthday sikuiweka. Nilimwandikia Roelie kwamba nimeacha kazi. Jumamosi saa mbili asubuhi aliipandisha mwenyewe, picha zote kumi na moja, nzito kama mawe, visanduku vitupu, doa mahali pake. Nenosiri nilikuwa bado ninalo. Ningeweza kuitoa. Ilihitaji kubonyeza mara mbili. Nilijaza visanduku kumi na kimoja, nikaiacha palepale. Sitasema kwamba sikujua nilichokuwa nafanya. Nilitaka isikike.

Saa tisa alasiri tulikuwa Westerhorn. Birthday ya huku kwetu haina fujo. Viti vinapangwa duara sebuleni, unaingia, unamzunguka kila mtu ukimpa mkono. "Hongera kwa mama yako." "Hongera kwa mkweo." "Hongera kwa jirani yako." Halafu unakaa, unapewa kahawa na kipande kimoja cha keki, na baadaye kopo la biskuti linazungushwa mara moja, kila mtu anachukua moja, kifuniko kinarudi. Tulikuwa watu kumi na wawili. Mapazia yalikuwa wazi kama kawaida. Hatufungi mapazia, na adabu ni kupita bila kugeuza shingo.

Mama alikaa kwenye kiti chake cha kijani, nywele zimechanwa, bangili ya fedha mkononi. Alijua kila mtu amekaa wapi kutokana na sauti za hongera. Mimi nilikuwa wa nne kutoka upande wake wa kulia.

"Roelie," akasema keki zilipokwisha. "Leo umeniandikia nini?"

"Mama, baadaye basi. Kuna wageni."

"Ndiyo vizuri, wageni wasikie. Nisomee."

Roelie alitoa simu. Ana sauti nzuri, sauti ya mtu anayependa kusoma. Alisoma kuhusu mama aliyelea watoto wawili peke yake, aliyeendesha baiskeli kwenye theluji kwenda kukamua ng'ombe wa wengine. Yote ni kweli. Kisha akasema, bila hata kupumua vibaya, "Na hapa kuna picha ya keki yako ya tufaha, mama, juu ya kitambaa cheupe."

Niliwatazama watu wa duara. Wote walikuwa wanatazama vikombe vyao. Ndipo nilipoelewa kwamba wote walikuwa wameshaona.

"Asante," akasema mama. "Hilje, umekuja na simu yako?"

"Ninayo."

"Washa ile sauti."

"Mama, hiyo ya nini sasa?" Roelie akauliza. Rangi ilikuwa imemtoka usoni.

Niliwasha sauti, nikaufungua ukurasa. Sauti ya simu haina aibu wala huruma. Inasoma kama inatangaza treni. Ilisoma aya ya ng'ombe na theluji. Kisha ikasema: "Picha. Mwanamke mzee amelala usingizi juu ya kiti cha choo. Mdomo uko wazi, hana meno. Gauni la kulalia la maua madogo limepanda hadi mapajani. Kuna doa la kahawia upande wa kushoto."

Harm alisimama. "Hilje, zima."

"Kaa, Harm," mama akasema. "Gauni la maua madogo ninalo." Vidole vyake vikazungusha bangili. "Tonnis."

Tonnis ni jirani wa nyumba inayofuata, mzee aliyefiwa na mkewe, miaka sabini na kitu. Anamletea mama magazeti ya kusomewa na samaki wa kuvuta moshi.

"Nipo, Trientje."

"Wewe umeniona hivyo?"

Tonnis akakishika kikombe kwa mikono miwili. "Nilidhani unajua. Wote tulidhani unajua. Mtu hawezi… sisi hatuulizani mambo ya ndani."

"Ulinitazama?"

"Nilipita tu," akasema Tonnis. "Niliona, nikapita."

"Mara ngapi?"

Akainamia kikombe. Alikuwa na haya kama mtoto, na mimi nilimwonea kinyaa yeye na samaki wake, kisha nikaona kinyaa kwa duara zima, adabu yetu yote hii ya kupita.

"Bonyeza nyingine," mama akaniambia.

"Mama, si lazima hapa mbele ya—"

"Hapa hapa. Kama wote wameshaona, wacha nami nione."

Nikabonyeza. Sauti ikasoma. Bafu, kigoda chenye utepe wa bluu, shuka, goti, kijiko cha uji kimefika mdomoni na uji unateremka kidevuni. Baada ya kila moja mama alisema neno moja, "Futa," nami nilifuta, kisha inayofuata. Ilichukua zaidi ya nusu saa. Kahawa ilipoa kwenye vikombe. Mtu mmoja alijaribu kuinuka aende zake, mama akasema, "Bado," akakaa.

Kwenye ya thelathini hivi Roelie akaanza kulia.

"Mnajua ni mara ngapi nimeamka usiku?" akasema. "Mnajua? Nani kati yenu amewahi kuja kuniuliza? Niliandika kuhusu mikono yake, watu watatu wakasoma. Nikaandika ukweli, wakaja maelfu. Wananiuliza nimekula. Wananiuliza nimelala. Harm hajawahi kuniuliza nimelala!"

Harm alitazama sakafu.

"Ungeniambia umechoka," mama akasema.

"Ningekuambia nini, mama? Kwamba nakinai?"

"Ndiyo. Hilo ningelisikia. Mimi pia nilikinai kukuosha wewe, ulikuwa unaharisha kila jioni hadi ukafika miaka mitatu. Lakini nilifunga mlango." Akageuza uso upande wake. "Halafu mkate, Roelie. Ungeacha hata ule mkate."

Roelie akajifunika uso. Sauti ya simu ikaendelea na ya thelathini na moja.

Tulipomaliza hesabu ilikuwa sitini na nne. Ukurasa ulibaki maneno matupu na nafasi nyeupe palipokuwa na picha. Mama alipumua kwa nguvu, akanyoosha gauni lake juu ya magoti.

"Jumatatu nitapiga simu ofisi ya wauguzi," akasema. "Waniletee mgeni. Mgeni akinivua nguo anafunga mlango, na akitoka haniandiki. Roelie, wewe utalala usiku. Asubuhi tutakunywa kahawa kama watu."

"Mama, nisamehe."

"Kesho. Leo ni birthday yangu." Kisha: "Hilje."

"Naam, mama."

"Yale maneno ni yako? Yale ya simu."

"Ni yangu."

"Umeandika vizuri. Niliona kila kitu." Nilidhani ananishukuru. "Na picha, nani aliziweka?"

"Mimi."

"Kabla hujajua kwamba sijui, au baada?"

"Kabla. Isipokuwa za leo. Za leo aliweka Roelie."

"Na za leo ulizikuta saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Na ufunguo unao. Ungeweza kuzitoa."

"Ningeweza."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali hesabu iliyotoka sawa. "Roelie anasema ile kazi yako ni kunipunguza. Nisiwe mzito. Ili nifunguke haraka."

Ni kweli. Nilimpunguza uzito, nikamkata pembeni, nikamng'arisha. Wiki hadi wiki nilijiona msafi kwa sababu nilikuwa nachefukwa, kana kwamba kuchefukwa ni kazi.

"Tonnis," mama akasema, "zungusha biskuti."

Tonnis alichukua kopo lile la bati lenye picha ya vinu vya upepo, akaanza upande wa kulia wa mama. Wa kwanza akachukua moja. Wa pili moja. Wa tatu moja. Kopo likanifikia.

"Huyo ni wa nne," akasema mama kutoka kwenye kiti cha kijani. "Mpite."

Tonnis akasita, akanitazama, kisha akampa Harm kopo juu ya magoti yangu. Harm akachukua yake. Akaishika mkononi bila kuila, kopo likaendelea kuzunguka, likamfikia Roelie macho yamevimba, na mama akasema, "Wewe chukua." Roelie akachukua. Kifuniko kikarudi.

Niliondoka na mkono wangu mtupu, nikawapa watu kumi na mmoja mkono wa kwaheri, mmoja mmoja, kama inavyotakiwa. Mama alinipa wake pia. Ulikuwa na harufu ya vitunguu na sabuni. Hakuubana, wala hakuuondoa haraka.

Siku hizi Jumamosi naendesha hadi Westerhorn, namfulia mama mashuka kabla muuguzi hajaja. Nafunga mlango wa chumba cha kufulia. Simu naiacha nyumbani. Kopo bado linanipita.